Sura ya Nne: Mgeni Mwenye Chaki

“Nitawafundishaje watoto ambao siijui lugha yao wala mila zao?” Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha unapokaribia, swali hili huzunguka mabwenini mwa vyuo vya ualimu, hasa kwa wale waliopangiwa shule za nchi nyingine. Wazazi nao wana la kwao, ingawa hawalisemi mbele ya mgeni: huyu kijana wa miezi miwili atamwachia nini mwanangu kabla hajafunga begi?

Mazoezi ya kufundisha ni kipindi ambacho mwanachuo huachana na madaftari ya nadharia akapewa darasa la kweli. Mwalimu mwenyeji humwongoza, na mkufunzi wa chuo huja kumtathmini, yaani kumtazama akifundisha na kumpa alama. Tanzania tumezoea kuyaita BTP. Ni kazi ngumu hata kwa anayefundisha karibu na kwao, sembuse aliyevuka mpaka.

Nitatumia Haneti kama mfano. Haneti ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma, katika nyanda kavu za kati. Wafanyabiashara wa vito wanaijua kwa krisoprezi, jiwe la kijani linalochimbwa kwenye kilima chake. Mimi nimeichagua kwa sababu ya majirani zake. Wenyeji ni Wagogo. Upande wa Kondoa wako Warangi. Chemba wako Waburunge, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiiraqw cha Mbulu, na Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, yaani sauti zinazotoka kwa kubandua ulimi kwenye kaakaa. Wamasai na Wabarabaig nao hupita na mifugo yao. Wataalamu wamezoea kuzigawa lugha za Afrika katika makundi makubwa manne, na ndani ya Mkoa wa Dodoma unaweza kuyasikia yote manne bila kupanda ndege. Mgeni akimudu kufundisha huku, kwingine hakutamtisha.

Kiswahili cha shuleni na lugha ya nyumbani

Mgeni anayekuja Tanzania huambiwa kwamba hapa lugha ni moja, asiwe na wasiwasi. Aliyemwambia hajadanganya, ila hajamaliza. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Lakini mtoto wa kitongoji kilicho mbali na barabara amelelewa na bibi yake kwa Kigogo. Kiswahili amekisikia redioni, dukani, kanisani au msikitini. Akifika darasa la kwanza anaanza mambo mawili kwa mpigo: KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na wakati huohuo lugha ambayo KKK yenyewe imeandikwa.

Uganda wao walichukua njia nyingine. Mtaala ulioanza kutumika huko mwaka 2007 unaruhusu madarasa matatu ya mwanzo kufundishwa kwa lugha ya eneo husika. Mwanachuo kutoka Soroti au Mbarara akiletwa Haneti atatafuta vitabu vya darasa la kwanza vya Kigogo, na hatavipata.

Hali hii ina nafuu yake kwa mgeni. Darasani yeye na mtoto wote wanatembea katika lugha ya pili. Mwalimu aliyezaliwa Temeke, Dar es Salaam, anaweza kukimbia na Kiswahili chake akawaacha watoto njiani bila kujua. Mgeni anayetafuta maneno huzungumza polepole, hurudia, huonyesha kwa mkono, huchora. Hayo yote ndiyo anayohitaji mtoto wa Haneti. Kwa hiyo mwanachuo asione haya kwa uzito wa ulimi wake. Aone haya asipojiandaa.

Sekondari mambo hugeuka. Kuanzia kidato cha kwanza masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na hapo mgeni kutoka London, Kampala au Nairobi hupumua: amefika nyumbani. Hajafika. Ataandika ubaoni, wanafunzi watanakili kila herufi kwa mwandiko mzuri ajabu, na akiuliza swali darasa litakuwa kimya. Watoto hawa wamesoma Sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi. Usanisinuru wanaujua vizuri sana, ila wanaujua kwa jina hilo. Mwanachuo mwenye busara atamwomba mwalimu wa somo amsomee orodha ya istilahi, yaani maneno ya kitaalamu ya somo, kwa Kiswahili, aiandike pembeni mwa andalio lake la somo, na kila wazo jipya alipitishe kwenye daraja hilo kabla ya kuendelea.

Anayeijua lugha huteleza zaidi

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu wa Nairobi hawatalipenda.

Chukua wanachuo wawili waliopangiwa shule moja ya msingi Haneti, mmoja Mmarekani, mwingine Mkenya. (Nimewabuni, lakini mwalimu mkuu aliyewahi kupokea wageni atawatambua wote wawili.) Mmarekani amejifunza maamkizi kwa wiki chache. Siku ya kwanza anamwambia mtoto wa darasa la tatu “Shikamoo”, darasa zima linaangua kicheko, na kufikia mapumziko ya saa nne shule nzima inampenda.

Mkenya amezungumza Kiswahili tangu utotoni. Anaingia ofisi ya walimu na kumwambia mwalimu wa zamu, “Nipe chaki.” Sarufi haina kosa, na kwao ni sentensi ya kawaida kabisa. Waliomo ofisini wamesikia amri kutoka kwa kijana aliyefika jana. Chaki atapewa. Lakini hataambiwa maji yanapatikana wapi, nani ana ufunguo wa stoo, wala kikao cha kesho kimesogezwa saa ngapi. Mmarekani akikosea, kosa lake huhesabiwa kuwa ni lugha. Mkenya akikosea kosa lilelile, huhesabiwa kuwa ni malezi.

Kwa hiyo anayeijua lugha ndiye mwenye kazi kubwa zaidi ya kusikiliza. Huku kitu huombwa: “Samahani mwalimu, naomba chaki.” Kabla ya ombi kuna salamu, na shikamoo humstahili kila aliyekuzidi umri, mlinzi wa shule na mama anayepika uji wakiwemo. Anayeongeza “Mbukwenyi!” ya Kigogo akiwakuta wazee wamekaa kundi atakuwa amejifungulia milango ambayo cheti cha chuo hakiifungui.

Kisha kuna Hisabati. Kenya na Uganda somo hili hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia madarasa ya kati ya shule ya msingi. Mwanachuo mwenye Kiswahili kizuri cha fasihi anakutana ubaoni na namba tasa, namba witiri, sehemu guni, KDS na KKS. KDS ni kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa kila namba uliyopewa. Ya 4 na 6 ni 12. Sehemu guni ni ile ambayo namba ya juu ni kubwa kuliko ya chini, kama saba ya tatu. Wanafunzi wanayajua majina haya, mwalimu wao hayajui. Aibu hiyo inaepukika kwa urahisi: vitabu vya kiada hutolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania, TET, na vimo pia katika maktaba yake ya mtandaoni. Asome kitabu cha darasa lake chote, penseli mkononi, kabla ya kukata tiketi.

Kwa ufupi hadi hapa: usidhani kwamba lugha mnayoshiriki inakufanya mwenyeji. Jifunze namna ya kuomba kabla ya namna ya kueleza, na uyajue maneno ya somo lako kama yalivyo kwenye kitabu cha watoto.

“Mmeelewa?” “Ndiyooo!”

Hakuna sauti inayompoteza mwalimu mgeni kama hii. Anaeleza, anauliza kama wameelewa, darasa linaitikia kwa pamoja na kwa furaha, anafuta ubao. Jioni anasahihisha madaftari na kukuta hakuna aliyepata hata moja.

Watoto hawakumdanganya. Itikio lile ni adabu: mkubwa ameuliza, anajibiwa vizuri. Kusema “hapana” mbele ya wenzako ni sawa na kumwambia mwalimu hajafundisha, na mtoto aliyelelewa vizuri hasemi hivyo. Vilevile anayeinamisha macho anapoulizwa hafichi kitu wala hana kiburi. Kumkazia macho mtu mzima ndiko kungekuwa kiburi. Mwanachuo kutoka Ulaya, aliyefundishwa kwamba mwanafunzi makini hukutazama usoni, atawapa alama mbaya za ushiriki watoto wenye heshima kuliko wote darasani.

Ongeza wingi wao. Uwiano uliowekwa na serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 madarasa mengi yamepita hapo kwa mbali. Watoto wakiwa themanini, kumsikia mmojammoja ni ndoto.

Basi mgeni afanye nini? Aachane na “Mmeelewa?” kabisa. Aseme: “Mweleze jirani yako.” Awape dakika mbili, na asiwakataze wakielezana kwa Kigogo. Najua kuna walimu watakaokunja uso, kwa kuwa shule nyingi za Afrika Mashariki zimewahi kuwaadhibu watoto kwa kusema lugha za kwao. Kwa maoni yangu lile lilikuwa kosa, na mgeni hana sababu ya kulirithi. Mtoto akilielewa jambo kwa Kigogo, kulisema kwa Kiswahili ni hatua moja tu iliyobaki.

Halafu waimbe. Wagogo ni mafundi wa kuimba kwa sauti zinazopishana na kuitikiana, na ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka katika utamaduni huu na kupeleka ala za zeze na ilimba hadi majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Watoto walewale waliokaa kimya kwenye swali la jedwali la saba, wape jedwali hilohilo kama wimbo wa kuitikiana uone. Wengine watashika sauti ya chini bila kuambiwa. Mwanachuo asiyejua kuimba na awe muitikiaji, kiongozi atampata darasani.

Kuhusu fimbo

Hili ndilo jambo linalowavuruga wageni kuliko chakula, vyoo na joto vikijumlishwa pamoja. Mgeni anaingia ofisini na kuona fimbo juu ya meza. Kenya iliondoa adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Uganda ikaiweka marufuku katika sheria ya watoto mwaka 2016. Uingereza iliifuta katika shule za serikali kwa sheria ya 1986. Mmarekani hushtuka kuliko wote, wakati baadhi ya majimbo ya kwao bado yanairuhusu; wengi hawajui hilo mpaka waambiwe.

Tanzania viboko vipo kisheria, lakini kwa mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe kwa kosa kubwa, na mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mwanachuo hayumo. Oktoba 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya ilisambaa nchi nzima, na walimu wale walifukuzwa vyuoni. Walikuwa Watanzania, kwa hiyo hakuna wa kusingizia ugeni.

Ushauri wangu kwa mgeni ni mfupi. Usiishike hata ukikabidhiwa, na mweleze mwalimu mkuu mapema, faraghani, kwamba chuo chako hakikuruhusu. Usihutubie ofisi ya walimu katika wiki ya kwanza. Utapata wapinzani badala ya wasikilizaji. Onyesha kwa vitendo kwamba darasa lako linatulia bila fimbo, maana hoja hiyo haina mjibu. Lakini mtoto akiumizwa, adabu ya ugeni imekwisha: mwarifu mwalimu mkuu na mkufunzi wako siku hiyohiyo.

Darasa la Julai na darasa la Februari

Vyuo vingi hutuma wanachuo katikati ya mwaka. Nyanda za kati hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mavuno ya uwele na mtama hufuata. Anayefika Haneti mwezi Julai hukuta ghala zina kitu, mashamba yamelala na watoto wanakuja. Anaandika kwenye ripoti yake kwamba mahudhurio ni mazuri. Angefika Februari angekuta habari nyingine: kupalilia, ndege wa kufukuzwa mashambani, chakula cha mwaka jana kinaisha, mtoto anayesinzia saa tano kwa sababu hajala tangu jana. Mwaka mbaya wa mvua, hali hiyo huanza mapema zaidi.

Utoro nao una ratiba yake. Wavulana huenda kuchunga kwa zamu. Siku ya mnada, soko la mara kwa mara ambako mifugo, nafaka na mitumba huuzwa, madawati hubaki wazi. Zipo pia nyakati za jando. Mgeni anayeita yote hayo “wazazi hawajali elimu” amekosa kuuliza.

Maswali ya kumuuliza mwalimu mwenyeji katika siku za mwanzo:

- Mnada ni lini, na ni watoto gani hawaji siku hiyo?
- Mtoto akija bila daftari, shule hii hufanya nini?
- Kwenye ratiba “saa mbili” ni ipi? (Kwa wanaotoka nje ya Afrika Mashariki: simu yako itaonyesha 8:00.)
- Nani hutoa ruhusa ya kupiga picha? Usipige kabla ya jibu, hata kama watoto wenyewe wanakuomba.
- Viongozi gani wa kijiji niende kuwaamkia, na nani atanipeleka?

Chakula nitakipita haraka. Utapewa ugali wa uwele na mlenda. Mlenda unateleza, ndivyo ulivyo. Osha mikono, kula kwa mkono wa kulia, shukuru. Na ule utani wa Dar es Salaam kuhusu Wagogo na kuombaomba, uache stendi. Utani una watani wake, na wewe si mmoja wao.

Upande wa pili wa safari

Wapo pia wanaotoka Dodoma kwenda nje. Kupitia mpango wa Fulbright, kila mwaka walimu vijana wa Kiswahili kutoka Afrika Mashariki huenda vyuo vikuu vya Marekani kusaidia kufundisha lugha kwa mwaka mmoja wa masomo, huku wenyewe wakisoma kozi kadhaa. Aliyefanya BTP yake katika darasa la watoto themanini wanaosimama anapoingia, sasa yuko mbele ya darasa dogo ambalo hakuna anayesimama. Wanamwita kwa jina lake la kwanza. Mmoja anakula mkate. Mwingine anatoka bila kuomba ruhusa, maana kwao kuomba ruhusa ya kwenda msalani ni mambo ya watoto wadogo. Akiuliza kama wameelewa, wanajibu “hapana” bila aibu yoyote, na huo ndio msaada mkubwa kuliko wote watakaompa. Mwisho wa muhula wanajaza fomu za kumtathmini mwalimu, na chuo kinazisoma.

Kiingereza chake, alichokisomea tangu kidato cha kwanza, kinamtosha kuandika insha lakini kinamwacha njiani wanafunzi wanapozungumza wao kwa wao. Ndipo anapowaelewa vizuri wale watoto wa kidato cha kwanza walionakili ubao kwa mwandiko mzuri.

Majuma manane yanatosha?

Mwaka 1961, Tanganyika ikielekea uhuru wa Desemba 9 bila walimu wa kutosha wa sekondari, ulianzishwa mpango wa Teachers for East Africa chini ya Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Vijana wa Kimarekani waliokuwa na shahada bila mafunzo ya ualimu walipelekwa kwanza Makerere, Kampala, wakasomea stashahada ya ualimu na kufanya mazoezi ya kufundisha papa hapa Afrika Mashariki, ndipo wakapangiwa shule. Waandaaji walijua kwamba mwalimu hutengenezwa mahali atakapofundisha.

Siku hizi hatuna muda huo. Chuo Kikuu cha Indiana, ambacho kimetuma wanachuo nje kwa miongo mingi, huwataka kwanza wafundishe kwao, kisha ndipo waende ugenini kwa majuma machache. Naunga mkono mpangilio huo. Anayejifunza kushika darasa na kujifunza nchi kwa wakati mmoja huishia kufanya vyote viwili nusunusu, na wanaolipa ni watoto.

Vyuo vinavyotuma wanachuo ng’ambo, viwe vya Ulaya au vya kwetu, navyo vina la kurekebisha. Mkufunzi asimpe mgeni alama yoyote kabla ya wiki ya tatu. Wiki mbili za kwanza ziwe za kukaa nyuma ya darasa, kusahihisha madaftari na kutembelea kaya. Na mwalimu mwenyeji, ambaye ndiye atakayerudia mada zote ambazo hazikueleweka baada ya mgeni kuondoka, aandikwe katika mkataba kama mkufunzi na alipwe posho.